Shajara ya mradi: Hamira sita nyekundu

Jumamosi, 5 Julai

Mirija imefika. Rafiki yangu anayefanya kazi kwenye maabara ya chuo kimoja aliipakia kwenye basi ikiwa imeviringishwa pamba ndani ya kopo la maziwa ya unga, na leo asubuhi nimeipokea stendi ya Nyegezi. Mirija tisa. Sita ina namba tu, 1 hadi 6. Miwili imeandikwa ade1 na ade2. Wa tisa umeandikwa "nzima". Pamoja nayo kuna bahasha iliyogundishwa kwa selotepu, juu yake ameandika: msifungue kabla hamjamaliza.

Swali la mradi ni hili. Hamira za kwenye mirija sita ni hamira za mkate zenye kasoro ya kurithi: zikiota huwa nyekundu badala ya rangi ya malai. Kwa macho zote ni sawa. Je, ni jeni moja iliyoharibika kwa zote sita, au ni jeni tofauti? Njia ya kujua inaitwa jaribio la kukamilishana. Kila mwaka nalifundisha ubaoni, na kila mwaka wanafunzi wa kidato cha sita wanalikariri kwa Kiingereza, wanalijibu kwenye mtihani na kulisahau. Safari hii nataka walifanye kwa mikono yao, na nataka tulizungumze kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Klabu ina wanafunzi kumi na moja.

Jumanne, 8 Julai

Siku nzima imeishia jikoni. Chakula cha kuoteshea: dondoo la hamira, peptoni, glukosi, agari. Otoklevu ya shule, mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke, ina mpira uliopasuka, kwa hiyo mzee wetu wa maabara ameleta presha kuka ya nyumbani kwake na jiko la mkaa.

Hapa pana jambo ambalo vitabu havilisemi kwa sababu havikuandikwa Mwanza. Vitabu vinataka presha ya pauni 15 kwa dakika 15, ili joto lifike nyuzi 121. Lakini hesabu hiyo ni ya pwani. Sisi tupo mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Pauni 15 juu ya hewa yetu zinatufikisha nyuzi 119 hivi. Mzee alinisikiliza nikipiga hesabu, halafu akasema, "Mwalimu, ongeza dakika kumi tu." Tumeongeza kumi.

Inkubeta nayo hatuna, na usiku wa Julai unapoa. Binti mmoja kutoka Igombe ametuletea kasha kuukuu la barafu, lile la kubebea sangara. Tumeliosha mara tatu, tukaweka balbu ya waya na kipimajoto. Linashika nyuzi 28 hadi 30 vizuri kabisa. Bado linanuka samaki.

Jumamosi, 12 Julai

Zimeota! Sahani nane zina makoloni mekundu, yaani mafungu ya seli, ya tisa ni nyeupe. Siku ya pili yalikuwa waridi tu. Leo ni siku ya nne na yameiva, rangi ya udongo wa Sengerema baada ya mvua.

Wekundu unatoka wapi? Hamira hujitengenezea adenini, mojawapo ya herufi nne za DNA, kwa hatua nyingi zinazofuatana, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Jeni ADE2 inatoa kimeng'enya cha hatua ya sita. ADE1 inatoa cha hatua ya saba. (Herufi kubwa ni jeni nzima, ndogo ni mbovu.) Kwa watoto wa ziwani nilitumia dagaa: wapo wanaovua, wanaoanika, wanaogeuza, wanaofunga magunia. Wafungaji wasipokuja, dagaa hawatoweki, wanarundikana mchangani. Ndani ya hamira, hatua ya sita au ya saba ikikwama, malighafi inarundikana, inahifadhiwa kwenye vakuoli, kifuko cha ndani ya seli, na hewa ya oksijeni ikiifikia inakuwa rangi nyekundu. Ndiyo maana kasoro mbili tofauti zinatoa sura moja.

Ndiyo maana pia kutazama peke yake hakutoshi. Nikawauliza: kama sura ni moja, tutazitenganishaje?

Kimya. Kisha kijana mmoja ambaye baba yake ni fundi wa injini za boti pale Mwaloni akanyoosha mkono. Akasema wavuvi wawili wakileta injini mbovu, zote haziwaki, baba yake hahitaji kuzifungua kwanza ili kujua kama zina ugonjwa mmoja. Anajaribu kupata injini moja kutoka kwenye zote mbili. Ikiwaka, maana yake moja ilikuwa na kabureta mbovu na nyingine plagi, na kila moja imetoa kile mwenzake alichokosa. Isipowaka, huenda zote zimekufa kabureta.

Nimefundisha miaka kumi na nne na sijawahi kulieleza vizuri hivyo.

Nilimwongezea jambo moja, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Fundi anafungua skrubu na kuhamisha kipuri. Ndani ya seli hakuna kinachohamishwa kutoka jeni hadi jeni. Tunaziweka injini zote mbili kwenye boti moja, nzima nzima. Jeni mbovu zinabaki mbovu vilevile. Ila vimeng'enya vinavyotoka kwenye jeni nzima za kila upande vinaelea kwenye ute uleule na vinafanya kazi kwa ajili ya seli yote. Niliwaomba waliandike hili, kwamba DNA haijabadilika, kwa sababu tutalihitaji mwishoni.

Jumanne, 15 Julai

Siku ya harusi. Hamira ina jinsi mbili, a na alfa, na kila moja ikiwa na seti moja ya kromosomu huweza kuota peke yake miaka yote. Zikikutana, a na alfa huungana kuwa seli moja yenye seti mbili, diploidi. Mirija sita ya siri ni a. Mitatu iliyoandikwa ni alfa.

Tulichukua vijiti vya kuchokolea meno vilivyochemshwa, tukagusa koloni la namba 1, tukagusa la ade1, tukachanganya kwenye sahani kama mtu anayekoroga chembe ya ugali. Hivyo hivyo kwa zote sita, kwanza na ade1, halafu na ade2. Michanganyiko kumi na miwili. Mrija wa "nzima" tuliuacha kashani. Wanafunzi waliona hauna kazi, na mimi, kwa haraka ya jioni, sikuwapinga.

Baada ya saa nne nikaweka tone chini ya hadubini, mara 400. Seli za kawaida ni mviringo kama punje za mtama. Katikati yake mmoja akaona kitu chenye kiuno: seli mbili zilizoshikana kama ganda la karanga la punje mbili, na pale kiunoni kichipukizi kidogo kimeanza kutoka. Hicho kichipukizi ndicho mtoto wa kwanza mwenye urithi wa pande zote mbili. Walipanga foleni kutazama. Mwanafunzi wetu mwenye ualbino, ambaye macho yake yanachoka haraka, alikaa kwenye hadubini muda mrefu kuliko wote na hakuna aliyemharakisha. Alipoinuka alikuwa amechora karanga tatu daftarini.

Kesho asubuhi mzee ataihamisha michanganyiko kwenye sahani za uteuzi. Hamira zetu za a haziwezi kutengeneza histidini, za alfa haziwezi kutengeneza triptofani, zote mbili asidi amino ambazo seli haiishi bila hizo, na sahani hizo hazina hata moja kati ya hizo. Waliobaki bila kuungana watakufa njaa. Adenini tumeweka kidogo tu, ili rangi ijionyeshe. Binti wa Igombe akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, hata kuishi kwao kwenye hiyo sahani tayari ni kukamilishana?" Ndiyo. Mmoja analeta histidini, mwenzake triptofani. Sikuwa nimelitamka, alilifikia mwenyewe.

Jumamosi, 19 Julai

Umeme ulikatika Alhamisi usiku, kasha likashuka hadi nyuzi 21, kwa hiyo rangi zilichelewa siku moja. Leo zinasomeka.

Namba 2 na 5 zimebaki nyekundu zikiwa na ade1, zimekuwa nyeupe zikiwa na ade2. Namba 1, 3 na 6 kinyume chake: nyeupe na ade1, nyekundu na ade2. Tafsiri: 2 na 5 zimeharibika jeni ileile ya ade1, hazina cha kumpa mwenzao. Nyingine tatu zimeharibika ade2. Makundi mawili kutoka kwenye sura moja, bila kusoma herufi hata moja ya DNA.

Niliwaeleza kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 William Bateson na Reginald Punnett walipandisha aina mbili za maua meupe ya njegere-maua wakapata watoto wa zambarau, jambo ambalo lingekuwa kichekesho kama weupe ungekuwa na sababu moja. Na kwamba miaka ya 1950, Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, Seymour Benzer alifanya jaribio hili kwa virusi vinavyokula bakteria, akaambukiza bakteria mmoja kwa virusi wawili wabovu kwa pamoja, na kasoro zake nyingi za eneo moja zikagawanyika makundi mawili safi, A na B. Kipande kinachopimwa hivyo akakiita sistroni. Mimi navutiwa sana na hilo: kabla ya hapo jeni ilifikiriwa kama ushanga usiogawanyika, na hapa mtu ameipa mpaka kwa kuuliza swali la fundi wa injini.

Lakini namba 4 imetuharibia jedwali. Ni nyekundu na ade1. Ni nyekundu na ade2 pia. Wakaanza kubishana. Mmoja akasema vijiti vilichanganywa. Mwingine akasema ni jeni ya tatu. Nikamwambia afikirie tena, kwa sababu jeni ya tatu ingekamilishana na zote mbili na kutupa nyeupe pande zote. Kijana wa Mwaloni alikaa kimya, kisha akasema: injini inayoharibu kila boti inayowekwa.

Hapo nikaona kosa langu. Jaribio hili lina sharti ambalo halina msamaha: kasoro zote mbili ziwe fiche, yaani nakala moja nzima iweze kuzifunika. Kasoro ikiwa tawala, hata ikae na mwenza mzima kabisa seli itabaki nyekundu, na hapo matokeo hayasemi lolote kuhusu jeni gani. Na njia ya kuhakikisha ni kuchanganya kila nyekundu na hamira nzima kwanza. Mrija wa tisa, ule niliouacha kashani. Tumeuchanganya leo na zote sita.

Jumanne, 22 Julai

Jambo la pembeni lakini limetusumbua. Kwenye mchanganyiko wa 6 na ade2, katikati ya wekundu, kuna vidoa viwili vyeupe. Vidogo, kama kichwa cha pini, vyenye kingo kali. Wengine wakataka kuandika "zinakamilishana kidogo".

Nimewazuia. Hamira nyekundu ikipoteza uwezo wa mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati, wa kupumua, haitengenezi tena ile rangi. Inakuwa nyeupe na dhaifu. Kwa hiyo weupe peke yake ni shahidi asiyetosha. Tumepaka vidoa hivyo kwenye sahani mbili: moja haina adenini kabisa, nyingine badala ya sukari ina gliserini, ambayo hamira haiwezi kuila bila kupumua.

Jumamosi, 26 Julai

Vidoa havikuota kwenye sahani yoyote kati ya hizo mbili. Basi si kukamilishana, ni mitokondria. Michanganyiko meupe ya kweli imeota bila adenini kama magugu maji. Kuanzia leo kanuni ya klabu ni kwamba hakuna kuandika "inakamilishana" mpaka ioteshwe bila adenini.

Mchanganyiko na hamira nzima: yote sita meupe, pamoja na namba 4. Namba 4 si tawala. Nadharia ya injini inayoharibu kila boti imeanguka, na aliyeileta ameifuta mwenyewe daftarini kwa mstari mmoja.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, yule kijana mwenye ualbino akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, mbele ya wenzake: "Mwalimu, mimi nikioa mtu mwenye ualbino, watoto wetu lazima wawe kama sisi?"

Niliweka brashi chini. Nilijua swali hilo limebebwa muda mrefu, na katika mkoa huu, ambako watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa ajili ya uongo wa waganga, lilistahili jibu kamili. Nilimwambia hivi. Ualbino ni sura moja yenye jeni zaidi ya moja nyuma yake, kama wekundu wa hamira. Hapa kwetu Tanzania ulio mwingi unatokana na jeni iitwayo OCA2, na mara nyingi ni kasoro ileile, pengo la herufi 2,700 hivi lililopotea ndani ya jeni hiyo. Kwa hiyo wawili wakikutana hapa, uwezekano mkubwa ni kwamba wote wana jeni moja iliyoharibika, hawana cha kupeana, na watoto watakuwa na ualbino. Lakini ipo aina nyingine, ya jeni ya kimeng'enya cha tirosinasi. Mmoja akiwa na hiyo na mwenzake OCA2, mtoto atapata nakala nzima ya kila jeni, na atakuwa na rangi. Hilo si la kubuni: mwaka 1952 huko Uingereza iliandikwa taarifa ya kitabibu ya mume na mke wenye ualbino wote wawili ambao watoto wao walikuwa na rangi ya kawaida.

"Kwa hiyo mtoto ndiye sahani," akasema.

Ndiye sahani, nikamjibu, ila hakuna anayezaa ili kufanya jaribio. Kwa binadamu wanasayansi wanaunganisha seli za ngozi kwenye maabara. Mwaka 1972 watafiti wa Rotterdam waliunganisha seli za wagonjwa wa kserodama pigmentosamu, ambao ngozi yao haiwezi kurekebisha madhara ya jua, wakaona baadhi ya seli zinatibiana. Leo makundi yanayojulikana kwa njia hiyo ni saba, A hadi G, na moja la ziada. Siku hizi kwa ualbino kipimo cha DNA kinatosha.

Akauliza kama mwanamke akiwa na rangi na hana historia ya ualbino kwao itakuwaje. Tukaichora ubaoni. Alikuwa na furaha kuona kwamba kila mtoto wake atapokea kutoka kwake nakala moja, na kwamba nakala moja haitoshi kuondoa rangi. Aliinakili michoro yote miwili. Kisha akavaa kofia yake pana akaenda kupanda daladala.

Jumamosi, 2 Agosti

Namba 4. Ni fiche, lakini haikamilishani na ade1 wala ade2. Wamekaa nalo wiki nzima. Leo binti wa Igombe amekuja na pendekezo: namba 4 imeharibika jeni zote mbili. Ikikutana na ade1, upande wa ADE1 hakuna mzima. Ikikutana na ade2, upande wa ADE2 hakuna mzima. Ikikutana na hamira nzima, kila kitu kinafunikwa.

Linaingia vizuri. Nikauliza litathibitishwaje, na hapa ile sentensi ya tarehe 12 ikarudi. DNA haijabadilika. Diploidi nyeupe ya namba 4 na hamira nzima bado imebeba ubovu wote ndani yake. Tukiilaza njaa kwenye aseteti, chumvi ya asidi ya siki, itagawanyika na kutoa mbegu zenye seti moja moja, na ubovu utatoka tena nje. Kama ni jeni moja, nusu ya watoto watakuwa wekundu. Kama ni mbili, zikiwa kwenye kromosomu tofauti, ADE1 ya kwanza na ADE2 ya kumi na tano, robo tu watapata nakala nzima za zote mbili. Wekundu watatu kwa mweupe mmoja.

Sahani za aseteti zimeingia kashani saa 10 jioni.

Jumamosi, 16 Agosti

Mbegu zilionekana chini ya hadubini baada ya siku tano, nne nne ndani ya kifuko kama mayai kwenye kiota. Mzee alipasha mchanganyiko kwenye sufuria, nyuzi 55, akiwa na kipimajoto mkono mmoja na upepeo wa mkaa mkono mwingine, ili seli za kawaida zife na mbegu zibaki. Tukazitandaza kwenye chakula kamili.

Leo tumehesabu. Kijana mwenye ualbino ndiye aliyehesabu, sahani ikiwa sentimita chache kutoka usoni mwake, akigusa kila koloni kwa ncha ya kalamu nyuma ya kioo, na mwenzake akiandika. Makoloni 44. Mekundu 32, meupe 12. Nusu ingekuwa 22, robo tatu ni 33.

Aliandika kwenye jedwali: "Na. 4: ade1 na ade2, zote." Kisha tukafungua bahasha. Rafiki yangu ameandika mistari sita. Wa nne unasema: ade1 ade2, nilizipandisha mwenyewe.

Sahani zote zimelowekwa kwenye klorini. Sampuli za namba 1 hadi 6 tumezihifadhi kwenye friji ya maabara, rafu ya juu, kwa ajili ya kidato cha tano.